Kikuku cha bibi hakiuzwi kwa kilo

JICHO LA KISIWANI
Na Agripina Magoti

Ukitaka vito vya zamani hapa Nansio, kisiwani Ukerewe, nenda kwa wauza mitumba sokoni, uombe kopo. Wengi wanalo: kopo la maziwa ya unga lililojaa hereni zisizo na wenzao, mikufu iliyokatika na bruchi zilizosahauliwa kwenye makoti ya Ulaya hadi balo lilipofunguliwa. Sehemu kubwa ni plastiki, au bati lililopakwa rangi ya dhahabu. Lakini juzi, katika kopo moja la aina hiyo, nilikuta kikuku cha shaba njano kilicholika upande mmoja kwa kuvaliwa, na chini yake uzi wa shanga nyekundu.

Shanga zile hazikuja kwenye balo. Misafara ya karne ya 19 iliziita samesame. Nyingi zilitengenezwa Venice, zikashushwa Unguja, zikavushwa Bagamoyo, kisha wapagazi wakazibeba kupitia Tabora hadi huku ziwani. Inua moja kwenye mwanga uchungulie tunduni: mara nyingi utaona wekundu umefunika kiini cheupe. Henry Morton Stanley alipofika kwa mtemi wetu Lukonge mwaka 1875, kuomba mitumbwi ya kumvusha yeye na watu wake kwenda Uganda, fedha zake zilikuwa nguo, shanga na waya. Waya huo mafundi wa bara waliufua na kuusokota kuwa vikuku na nyerere, zile bangili nyembamba zilizovaliwa nyingi kwa pamoja, mikononi na miguuni.

Palikuwa pia na senti kumi ya Afrika Mashariki, ile yenye tundu katikati na pembe za ndovu zilizolizunguka, imefungwa kwenye kamba kama kidani. Tanzania ilipotoa fedha yake mwaka 1966, senti hizo zikaanza safari ya kupoteza kazi dukani. Shingoni hazikuipoteza.

Nilimuuliza mwenye meza vitu hivi vimetoka wapi. "Dada, kuna bibi mmoja alivileta mwenyewe, ada ya mjukuu ilikuwa imekwama." Bibi wa wapi? Hakumuuliza. Na ningechelewa kidogo, kikuku kingekwenda kwa vijana wa vyuma chakavu, wanaopita na mizani wakinunua shaba, masufuria yaliyotoboka na betri zilizokufa. Shaba ni shaba kwao. Inapimwa, inatiwa kwenye kiroba, inapanda meli kwenda Mwanza, inayeyushwa.

Hapo ndipo linaponiuma. Tunaishi mkabala na Geita, nchi ya dhahabu, na tumezoea kudhani thamani ya pambo ni uzito wake. Kwa dhahabu mpya ni sawa. Kwa kikuku cha bibi, uzito ndicho kitu kidogo kuliko vyote kilichomo. Kikubwa ni nani alikivaa, alipewa na nani, aliolewa kijiji gani, fundi alikuwa wa ukoo upi. Maneno hayo yakishaachana na kikuku, hakuna mtaalamu wa Dar es Salaam wala wa Berlin atakayeyarudisha.

Maneno yakiandikwa na kutunzwa hudumu: Aniceti Kitereza, Mkerewe mwenzetu, alimaliza mwaka 1945 kuandika kwa Kikerewe riwaya ya Myombekere na Bugonoka. Kitabu kilichapishwa kwa Kiswahili mwaka 1980, na mwaka uliofuata akafariki. Miaka 35 karatasi zile zilikaa zikisubiri, na zimetufikia kwa sababu kuna mikono iliyokataa kuzitupa. Leo tunajivunia.

Simlaumu bibi aliyeuza, maana mtoto lazima asome. Wala simlaumu mwenye meza, ambaye anatafuta chakula cha jioni. Ninachowaomba wenye meza ni swali moja kwa anayeleta: hiki kilikuwa cha nani? Jibu liandikwe kwenye kipande cha daftari, lifungwe pamoja na kitu. Nasi wanunuzi tulipe zaidi kwa kitu chenye jibu. Mimi nimelipia kikuku kile zaidi ya bei iliyotajwa, kwa sharti kwamba bibi akirudi sokoni aombwe jina la kijiji chake. Na msisugue shaba ya zamani kwa mchanga au stilwaya, mng'aro huo unakula alama za fundi.

Wasukuma wana makumbusho yao Bujora, pale Kisesa. Sisi tuna jumba la mtemi Bukindo, lililojengwa mwaka 1928, si mbali na hapa mjini. Chumba kimoja chenye kabati la kioo na kufuli, na mwalimu mmoja wa historia wa kuandika kumbukumbu, vingetosha kuanzia. Halmashauri ikitenga chumba hicho, kikuku nilichonunua kitakuwa cha kwanza kuingia kabatini, na karatasi yake.