Malezi ya Kutwa: Ni Kiasi Gani, na Nani Anayelipa?



Wapenzi wasomaji, miongoni mwa maswali yanayorudi sana katika nyumba zetu za pwani ni hili: likizo ya uzazi ikimalizika, mtoto ataachwa na nani, na kwa pesa ngapi? Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 humpa mama likizo ya miezi 3 yenye malipo kamili, na baba wiki 2. Ikiisha miezi hiyo, mama wa Kisauni hupanda matatu alfajiri, wa Likoni huwahi feri, na mtoto ambaye hata shingo haijamkaza vyema hubaki mikononi mwa mtu mwingine mpaka jua linapokaribia kuchwa.

Wazee wetu walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Basi juma hili na tufungue daftari, tupime njia tatu zinazotumika sana miongoni mwetu: yaya, kituo cha kulelea watoto, na nyanya. Kisha tutazame jambo ambalo hesabu za wengi hulisahau, nalo ni mtu anayebeba gharama yenyewe.

Yaya

Kwa amri ya mishahara iliyoanza kutumika Novemba 2024, mtumishi wa nyumbani katika miji mikubwa, Mombasa ikiwamo, hapaswi kulipwa chini ya shilingi 16,113.75 kwa mwezi. Juu ya mshahara huo mwajiri hutoa mchango wake wa NSSF, asilimia 6, na ushuru wa nyumba, asilimia 1.5. Michango hiyo miwili hukaribia shilingi 1,210. Kwa hivyo yaya anayelala kwako hukugharimu takriban shilingi 17,320, kabla ya chakula na sabuni. Tukikadiria mahitaji hayo kuwa 4,000, jumla hufika 21,320 kwa mwezi.

Yaya anayekuja asubuhi na kurudi kwake jioni huongezewa asilimia 15 kwa ajili ya kodi ya nyumba, na mshahara wake huwa kama shilingi 18,530. Ukitia na michango, ni karibu 19,920. Huyu hamtamlisha chakula cha usiku wala kumtafutia chumba. Kwa familia inayoishi katika chumba kimoja au viwili, ambamo baba na vijana waliobaleghe hawana pa kujitenga na mwanamke asiyekuwa maharimu wao, njia hii huhifadhi stara ya wenye nyumba na ya yaya mwenyewe.

Msomaji atauliza: mbona jirani yangu humlipa wake shilingi 7,000? Ni kweli, wapo wengi kama yeye. Lakini zile 9,000 zilizopungua hazikutoweka. Kuna anayezilipa, naye ni yaya. Huzilipa kwa karo ya wanawe aliowaacha kwao, kwa dawa asizoweza kununua, na kwa uzee usiokuwa na akiba. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alituamuru tumpe mwajiriwa ujira wake kabla jasho lake halijakauka, na akatufundisha kwamba wanaotutumikia ni ndugu zetu, tuwalishe tunachokula na tuwavishe tunachovaa. Sheria ya nchi nayo inataka mapatano ya kazi ya miezi 3 au zaidi yaandikwe, mfanyakazi apumzike siku moja katika kila siku saba, na apate likizo ya siku 21 za kazi kwa mwaka. Siku hizo za mapumziko ziwemo katika daftari, kwa kuwa siku hizo mtoto atahitaji mwangalizi mwingine.

Zaidi ya hilo liko jambo zito. Zipo nyumba ambazo yaya wake ni binti wa ndugu aliyeletwa kutoka mashambani kwa ahadi ya kusomeshwa. Shule haioni, chuo hakioni, na mshahara haupati kwa kuwa yeye ni wa nyumbani. Wenye nyumba huhesabu kwamba malezi yao ni ya bure, ilhali binti wa watu ameyalipia kwa elimu yake. Hiyo ni dhuluma, na jina la udugu haliifuti.

Kituo

Vituo vya kulelea watoto sasa viko karibu kila mtaa, na bei zake hutofautiana sana. Tuchukue mfano, kisha kila mmoja aweke tarakimu zake. Tuseme kituo kinatoza shilingi 250 kwa siku, na mama anafanya kazi siku 26 kwa mwezi. Ada ni 6,500, na hapo wengi hufunga hesabu. Lakini mtoto hupelekwa na kurudishwa. Tukiweka 100 kwa siku ya tuktuk, ni 2,600. Maziwa na uji wa kubeba, tuseme 80 kwa siku, ni 2,080. Kisha mtoto mwenye homa hapokewi kituoni, na hufanya vyema kituo kinachomkataa, kwa ajili ya watoto wengine. Mama anayelipwa 800 kwa siku akikosa kazi siku 2 kwa mwezi, amepoteza 1,600. Jumla imekuwa 12,780, karibu maradufu ya ile ada ya kwanza.

Hata hivyo, kwa mtoto mmoja kituo ni nafuu kuliko yaya. Mambo hubadilika akija wa pili, kwani kituo hutoza kwa kila kichwa ilhali yaya hulipwa kwa nyumba. Kwa watoto wawili, ada na chakula huwa 17,160. Tukiongeza tuktuk na siku za homa, tunafika 21,360, sawa na yaya wa kulala. Wakiwa watatu, kituo kimeshampita yaya kwa gharama.

Kabla ya kukiamini kituo, nenda saa ambayo hawakutazamii. Hesabu watoto, kisha hesabu wanaowaangalia. Tazama maji, choo, mahali pa kulala, na kama mlango unafungwa. Uliza saa ya kufunga na faini ya kuchelewa, kwa maana feri ina foleni zake na hazimngoji mtu. Kituo cha bei ndogo ambacho mwanamke mmoja analea watoto kumi na tano, mwenye kulipia unafuu wake ni mtoto anayekaa na nepi moja kutwa nzima.

Nyanya

Njia ya tatu huandikwa sifuri katika daftari. Nyanya yupo, ana mapenzi, anajua dua za kumsomea mtoto, na hatodai mshahara. Ni neema kubwa kwa mwenye kuwa naye. Lakini ulizeni: goti lake laweza kumkimbilia mtoto anayeanza kutambaa? Dawa ya presha anaimeza kwa wakati? Biashara yake ya mahamri ya asubuhi imekwenda wapi? Darsa yake ya alasiri je? Mzazi hawezi kumwambia mwanawe "siwezi", kwa hivyo kunyamaza kwake kusichukuliwe kuwa ni radhi.

Kumlipa mama mshahara kama mwajiriwa si ada yetu. Basi apewe kwa njia ya heshima: alipiwe dawa na umeme, aletewe mtu wa kufua na kupika, awe na siku zake mbili za kupumzika kila juma, na mtoto achukuliwe saa iliyoahidiwa. Mkijumlisha hayo mtapata shilingi elfu kadhaa kwa mwezi. Ziandikeni. Wema kwa wazazi ni wajibu tulioamrishwa, na kuwatwisha mzigo kisha tukauita bure hakulingani nao.

Mshahara wa nani?

Sasa tufike kwenye kiini. Katika nyumba nyingi hesabu hufanywa hivi: mke anapata 30,000, malezi ni 21,000, zinabaki 9,000, basi kazi haina faida, aache akae nyumbani. Hesabu hiyo ina kasoro mbili.

Ya kwanza ni ya kisheria, nakusudia sheria ya dini. Sura ya Al-Baqara, aya ya 233, inapozungumzia kunyonyesha, humwekea baba jukumu la chakula na mavazi, humkataza kila mmoja wa wazazi kudhuriwa kwa sababu ya mtoto, hutaka mambo yaamuliwe kwa kuridhiana na kushauriana, na huruhusu mtoto anyonyeshwe na mwingine kwa malipo ya wema. Wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafi wameeleza kwamba ujira wa kumlea mtoto asiyekuwa na mali ni juu ya yule anayelazimika kumtunza, naye ni baba. Mali ya mke ni yake. Akichangia, ni ihsani yenye thawabu, na mume na aipokee kwa shukrani. Kwa hivyo kuutoa mshahara wa yaya katika pato la mama peke yake, kana kwamba mtoto hana baba, ni kuweka deni katika ukurasa usio wake.

Ya pili ni ya kidunia. Ikiwa mume anapata 45,000, pato la nyumba ni 75,000, na 21,000 ni asilimia 28 yake. Ni nzito, lakini ni ya miaka michache. Mtoto akitimia miaka 4 huingia shule ya awali na mzigo hupungua. Mke akiacha kazi kwa miaka hiyo, hupoteza mshahara, michango ya uzeeni, na mara nyingi nafasi ya kurudi. Mama anayechagua kukaa na wanawe kwa radhi yake, huku mume akimudu, amechagua heri. Maneno yangu ni juu ya yule anayeachishwa kwa hesabu iliyopigwa upande mmoja.

Kwa wasiomudu, iko njia nyingine. Mkono mmoja haulei mwana. Familia mbili za jirani, kila moja na mtoto mmoja, zaweza kumwajiri yaya mmoja kwa mshahara wa halali. Kila nyumba italipa karibu 10,660 pamoja na chakula, chini ya gharama ya kituo katika mfano wetu, na hakuna aliyedhulumiwa. Kamati za misikiti nazo zina vyumba vya chuo vinavyokaa vitupu asubuhi nzima. Kumlipa mlezi mwenye ujuzi na kufungua mlango kwa watoto wa mtaa ni katika sadaka zinazoendelea.

Basi usiku mmoja baada ya Isha, mume na mke waketi na karatasi. Waandike njia zote walizonazo, na mbele ya kila njia waandike mambo matatu: pesa, saa, na jina la mtu atakayechoka. Penye jina lisilokuwa na malipo mbele yake, pasemwe wazi, na parekebishwe kabla ya mtoto kukabidhiwa.

Mwenyezi Mungu atujaalie riziki ya halali, na atulindie watoto wetu na wanaotusaidia kuwalea. Amin.

Wabillahi tawfiq.