Samaki Wako Wanauana? Usimlaumu Mbabe, Angalia Tenki Lako

Wadau, kuna msanii mmoja wa Bongo Fleva, jina kapuni, kahamia mjengo mpya pande za Mbezi Beach. Sebuleni kaweka tenki la samaki, na juzi usiku karusha klipu: samaki wa bluu anamkimbiza mwenzake kona hadi kona, anamng'ata mkia, na yule anayekimbizwa kaishia kujibanza juu kabisa, nyuma ya pampu, mapezi yamechanika. Juu ya klipu kaandika "Mtemi wa jumba". Vicheko kibao, emoji za moto kibao, na mashabiki wakaanza kumfananisha huyo wa nyuma ya pampu na msanii mwingine ambaye naye simtaji, maana mnamjua.

Mimi sikucheka. Samaki akifikia hatua ya kuganda pale juu kwenye kona, hali chakula na rangi imefifia, ujue hapumziki. Kaishiwa pa kwenda. Akiachwa hivyo, baada ya siku chache utamkuta anaelea. Na hili si la mastaa peke yao. Kuanzia Sinza na Tegeta mpaka Mbagala na Chamazi, iwe sebuleni, saluni au kwa kinyozi, ukiuliza habari za tenki unapewa stori ileile: "Nilinunua sita, kabaki mmoja. Huyo jamaa ni mkorofi balaa." Leo nasema jambo ambalo wengine watanitolea povu: huyo jamaa hana kosa. Kosa ni la aliyempangia chumba.

Tujue kwanza tunamzungumzia nani. Hawa samaki wa rangi kali, bluu, njano, wenye michirizi, wengi ni wa ukoo unaoitwa siklidi. Usiogope jina. Sato na perege unaowala na ugali ni ukoo huohuo. Na wengi kati ya wanaopendwa na wafugaji duniani asili yao ni kwetu: Ziwa Tanganyika, Ziwa Nyasa na Ziwa Victoria. Muuzaji akikuambia ni samaki wa Ulaya, labda wamezalishiwa huko, lakini babu zao ni wa huku. Yupo mmoja wa Ziwa Victoria, dume lake lina mgongo mwekundu na mbavu za njano zenye mistari myeusi, ambaye wanasayansi walimpa jina nyererei mwaka 1985 kwa heshima ya Mwalimu. Kundi lake linaitwa Pundamilia, Kiswahili kabisa.

Sasa huko ziwani, dume la siklidi anayeishi kwenye mawe anashika mwamba wake na eneo dogo la kuuzunguka. Watu wa Goba na Bunju mtanielewa haraka: hii ni kesi ya kiwanja. Pale ndipo anapokula mwani, na pale ndipo anapowaita majike. Dume mwingine akikatiza mpaka, anatimuliwa. Ila aliyetimuliwa anaogelea mita chache, anavuka mpaka, na kesi imeisha. Ziwa Tanganyika lina urefu wa zaidi ya kilomita 600, pa kukimbilia papo.

Chukua sasa tenki la futi mbili, yaani sentimita 60 kwa 30 kwa 30. Ukilijaza mpaka juu ni lita 54, hata ndoo tatu za lita 20 hazifiki. Mbabe akikaa katikati anaona kona zote nne. Anamtimua mwenzake atoke kwenye kiwanja, ila nje ya kiwanja hakuna. Yeye anachokiona ni mvamizi aliyegoma kuondoka, kwa hiyo anampiga tena. Na tena. Kutwa nzima.

Wahenga walisema mafahali wawili hawakai zizi moja, na wengi wakiona ugomvi wanautekeleza msemo huo kwa kupunguza samaki. Sita wanakuwa wanne, wanne wanakuwa wawili. Kwa siklidi wa Ziwa Nyasa wanaoitwa mbuna, hapo ndipo balaa linapokolea. Wakibaki wawili, kipigo chote kinamwangukia mmoja. Wakiwa kumi na tano kwenye tenki kubwa, mbabe akianza na huyu anakatiza yule, anamgeukia wa tatu, na huku nyuma wa kwanza kashapotelea kwenye kundi. Kipigo kinagawanyika, kila mmoja anapata kidogo cha kumtosha. Wale Tropheus wa Tanganyika ndo usiseme. Wafugaji wazoefu huanza nao kumi na mbili au zaidi kwa mkupuo mmoja, wakiwa wadogo, ili wakue pamoja.

Hata kumwacha dume na mkewe peke yao si dawa. Konrad Lorenz, mwanasayansi wa Austria aliyepata Nobel mwaka 1973, aliandika kwenye kitabu chake cha mwaka 1963 kuhusu uchokozi kwamba dume la siklidi akikosa jirani wa kugombana naye, anaweza kumgeukia jike wake mwenyewe mpaka amuue. Dawa ilikuwa kumwekea jirani, wakati mwingine nyuma ya kioo cha kugawa tenki, ili vurugu ziishie huko. Nadharia ya Lorenz kwamba hasira hujaa ndani kama maji kwenye ndoo ilipingwa sana na waliomfuata. Ila alichokiona kwenye tenki, wafugaji wanakiona mpaka leo.

Kabla hujakimbilia kununua samaki ishirini ukawarundike kwenye tenki la ndoo tatu, tulia. Kundi kubwa linataka maji mengi. Tenki la futi nne, sentimita 120 kwa 45 kwa 45, linabeba lita 243, ndoo kama kumi na mbili hivi. Hapo unaweza kuanza kuongea. Samaki wengi maana yake kinyesi kingi, kinyesi kinatoa amonia, na amonia inaua kimyakimya kuliko mbabe yeyote. Unahitaji filta yenye nguvu, na karibu robo ya maji ibadilishwe kila wiki kwa maji yaliyokwisha kutolewa klorini. Halafu kuna suala la umeme. Ukikatika, pampu inazima, na kwa joto la Dar maji yanabeba oksijeni kidogo, hivyo tenki lililojaa ndilo la kwanza samaki wake kuja juu kuhema. Kama huna pampu ya betri, usijaze.

Kwa hiyo idadi ni silaha moja tu. Zilizobaki hazihitaji hela nyingi, zinahitaji akili ya mwenye tenki.

Ya kwanza ni mawe. Wengi wanaweka meli ya plastiki katikati na kokoto za rangi, basi. Hilo ni jukwaa la kumpigia mtu, si makazi. Panga mawe mpaka yagawe tenki vyumba vyumba, mbabe wa upande huu asimwone wa upande ule. Asiyeonekana hapigwi. Acha mapango mengi kuliko samaki, na mengine yawe na mlango wa nyuma ili mtu asizingirwe ndani. Mawe ya chokaa yanafaa sana kwa samaki wa maziwa haya, kwa sababu wanapenda maji magumu yasiyo na asidi. Ila yakalishe chini kabisa kwenye sakafu ya tenki kabla ya kumwaga mchanga. Hawa jamaa wanachimba, na jiwe likiporomoka linavunja kioo.

Ya pili ni hesabu ya majike. Dume mmoja kwa jike mmoja ni mateso kwa huyo jike. Majike ya mbuna hubeba mayai na vifaranga mdomoni karibu wiki tatu bila kula vizuri. Ukimwacha mwenye hali hiyo afukuzwe na dume kutwa, unamuua. Weka angalau majike watatu kwa dume mmoja.

Ya tatu ni sura. Dume humchukia zaidi anayefanana naye, maana huyo ndiye mshindani wa majike wake. Watafiti waliofanya kazi na hao Pundamilia wa Ziwa Victoria waliona madume yanawashambulia zaidi wa rangi yao. Ukitaka amani usiweke bluu watatu wa aina tatu kisa wanapendeza kwenye picha. Changanya rangi na maumbo.

Ya nne ni namna ya kumwingiza mgeni. Samaki mmoja mpya kwenye tenki lenye wenyewe ni sawa na mpangaji mpya aliyeingia nyumba ya Tandika akakalia kiti cha baba mwenye nyumba. Walishe wenyeji kwanza, hamisha mawe ili mipaka yote ivurugike, zima taa, halafu waingize wageni kadhaa kwa pamoja. Kila mtu anaanza kutafuta kiwanja upya, hakuna mwenye hati.

Na mbabe akizidi? Mtoe siku kadhaa akae kwenye tenki la pembeni, kisha mrudishe akute wenzake wameshagawana maeneo. Ila usidhani ukimtoa umemaliza. Kuna siklidi mdogo wa Ziwa Tanganyika anayeitwa burtoni, ambaye profesa Russell Fernald wa Chuo Kikuu cha Stanford alimchunguza kwa miaka mingi. Dume mnyonge wa aina hiyo amepauka na amenywea, lakini mbabe akiondolewa, ndani ya dakika chache tu mnyonge anawaka rangi na kuanza kutimua wengine. Cheo kilikuwepo, kilikuwa kinasubiri mtu. Ndiyo maana kumuua au kumtupa mbabe hakusaidii kama nyumba yenyewe hujaibadilisha. Na tafadhali usiende kummwaga Mto Msimbazi. Tunajua sangara aliyepandikizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950 aliwafanya nini furu wa kule.

Najua kuna watakaosema, "Ni samaki tu, mbona tunawala?" Kweli, hata mimi sato namla mpaka mifupa. Ila sato wa kwenye sahani hajawekwa kwenye boksi la kioo miezi mitatu apigwe ili wageni wafurahi. Umemnunua huyu kwa hiari yako, umemfungia, na hawezi kutoka. Ukimfungia mtu mlango, usalama wake uko mikononi mwako.

Halafu hawa si wajinga kama tunavyodhani. Mwaka 2007 timu ya Fernald ilichapisha utafiti kwenye jarida la Nature kuhusu huyohuyo burtoni. Samaki alikaa pembeni akitazama wenzake wakipigana: A kampiga B, B kampiga C, kuendelea mpaka E. Baadaye akawekewa wawili ambao hajawahi kuwaona wakipambana, B na D, na akamfuata D, yule dhaifu. Yaani alikaa pembeni, akapiga hesabu, akajua nani amwogope na nani ni saizi yake. Kwa hiyo kwenye lile tenki la Mbezi Beach, kila kipigo kinachorekodiwa kina watazamaji ndani ya maji pia, na wote wanajifunza nani wa kumwonea.

Hiyo ndiyo inayonikera kwenye mtindo huu wa kuposti samaki wakipigana. Mwenye tenki ndiye pekee anayeweza kuamua ugomvi, naye kashika simu. Kiki inaisha kesho, samaki anakufa keshokutwa, na bado kuna mtoto wa Mbagala ambaye kwa kuona klipu ile ataomba anunuliwe wawili "wapambane".

Kama nafasi na hela vinatosha tenki dogo tu, hakuna aibu. Kuna siklidi wa Tanganyika anaitwa multifasciatus, hafiki hata sentimita tano, anaishi ndani ya maganda matupu ya konokono. Tenki la futi mbili lenye mchanga na maganda mengi linawatosha kundi zima, baba, mama na vifaranga, kila mmoja na ganda lake. Nao ni wakali, wanaweza kuuvamia hata mkono wako. Tofauti ni kwamba kila anayetimuliwa ana mlango wake wa kuingia.

Haya wadau, tenki lako futi ngapi, na mnyonge wako anajificha wapi? Tiririka hapo chini. Na wewe staa wetu, kama unasoma, mtoe yule wa nyuma ya pampu leo, kabla hujarusha klipu nyingine.