Utamu Usio wa Sukari: Halali Yatosha?

Ndugu Waislamu, hata Moshi, penye mashamba ya miwa ya TPC, soda "zisizo na sukari" zimeingia majumbani. Julai 2023 taasisi ya saratani ya Shirika la Afya Duniani iliiweka aspatemu, kitamu cha viwandani, miongoni mwa vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani. Hata hivyo, wataalamu wa vyakula walibakisha kikomo cha miligramu 40 kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Basi baba wa kilo 70 kikomo chake ni 2,800; mtoto wa kilo 15 ni 600 tu. Tusiharamishe bila ushahidi. Lakini Qur'ani (2:168) imeambatanisha halali na kilicho chema. Wazazi, someni lebo, na watoto wapeni maji safi kwanza. Wallahu a'lam.