Tairi la gari si dawa ya pikipiki ya mizigo

Afrika Mashariki haitupi tairi la gari. Likiisha kashata, yaani ile michoro inayoshika barabara, hukatwa viatu ambavyo Kenya huitwa akala na Tanzania katambuga. Mjini Goma vipande vyake huvikwa kwenye magurudumu ya chukudu, chombo cha mbao kinachoshusha viazi na makaa kutoka vijijini. Tyubu nazo hukatwa mipira ya kufungia mizigo. Basi si ajabu mwendesha bodaboda aliyechoka kununua tairi la nyuma akilitazama tairi la gari, nene na gumu, akajiuliza kwa nini lisifungwe kwenye pikipiki yake.

Wapo waliokwisha kulijibu swali hilo kwa vitendo, ila si huku. Nchini Marekani kuna waendeshaji wa pikipiki kubwa za safari ndefu, hasa Honda Gold Wing, ambao kwa miaka mingi wamekuwa wakifunga tairi la gari nyuma na kuacha la pikipiki mbele. Wenzao wamewapachika jina la watu wa upande wa giza, nao wamelipokea kwa kujivunia. Hoja yao si ya kupuuzwa. Pikipiki ile inakaribia kilo 400 kabla mtu hajapanda, na barabara kuu za kule hunyooka mwendo wa saa nzima bila kona. Tairi la nyuma huliwa katikati likiwa bado zima pembeni. La gari lina uso mpana, kashata nene na mpira mgumu zaidi, hivyo huweza kudumu mara mbili au zaidi, na mara nyingi bei yake ni ndogo. Kwa mtu anayesafiri maelfu ya kilomita kwa likizo moja, hesabu hiyo inaeleweka.

Gharama yake hujitokeza kwenye kona. Gari hukata kona likiwa limesimama, lakini pikipiki hukata kona kwa kulala. Ndiyo maana tairi la pikipiki limeviringwa kama mgongo wa chungu: pikipiki inapolala, sehemu nyingine ya mviringo huishika barabara, na dereva hahisi mpito wowote. Tairi la gari ni bapa kama boksi. Pikipiki ikilala juu yake hupanda kwenye ukingo wa boksi, na tairi hutaka kuirudisha wima. Dereva hulazimika kuusukuma usukani kona nzima, na akilegeza mkono pikipiki hunyooka yenyewe kuelekea upande wa magari yanayokuja. Wenyewe hawakatai hilo. Husema tu kwamba mtu huzoea baada ya siku chache.

Barabara isipokuwa tambarare mambo huwa mabaya zaidi, kwa sababu uso bapa hufuata umbo la lami. Yeyote anayepita njia za malori yanayotoka Mombasa kwenda Kampala na Kigali anaijua mifereji iliyochimbwa na magurudumu yake. Tairi la gari likiingia kwenye mfereji huo huivuta pikipiki upande ambao dereva hakuuchagua. Tena ukingo wa tairi wenye waya, ule unaokaa kwenye rimu, haukutengenezwa kwa umbo lilelile kwa gari na kwa pikipiki. Watengenezaji wa matairi wameonya kwa sababu hiyo, na onyo lao lingestahili uzito hata kama wao pia wana matairi ya kuuza.

Kwa bodaboda ya kawaida, hata hivyo, mjadala huo unaishia kwenye karakana. Pikipiki nyingi za cc 100 hadi 150 zinazobeba mizigo mipakani hutumia nyuma tairi la 3.00-17, maana yake upana wa inchi 3 kwenye rimu ya inchi 17. Tairi la gari la inchi 17 ni pana zaidi ya mara mbili, linataka rimu ya inchi 6 au 7, na haliwezi kupita kati ya vyuma vinavyoshika gurudumu la nyuma. Halifungiki.

Lakini tabia ya tairi la gari inaweza kuja bila tairi la gari kufungwa. Pikipiki inayobeba mzigo mzito kila siku kwenye barabara iliyonyooka huuchuna mpira wa katikati peke yake, hadi ule mgongo wa chungu unageuka ubao. Kwenye kona itapanda ukingo vilevile, itataka kusimama vilevile, na kwenye mifereji itavutwa vilevile. Tofauti ni kwamba Mmarekani aliyefunga tairi la gari ana kashata nene chini yake na amechagua mwenyewe. Wa hapa ana kipara, na hakuna aliyemuuliza.

Dawa za mtaani huongeza ugonjwa. Kipara huchongwa kashata mpya kwa kisu cha moto, na kinachochongwa ni mpira mwembamba uliobaki kufunika nyuzi. Tairi lililopasuka hutiwa ndani kipande cha tairi kuukuu ili tyubu isichungulie. Wengine hutafuta tairi la mpira mgumu kuliko yote dukani, kwa kuwa ndilo linalochelewa kuisha. Hili la mwisho ndilo linalofanana zaidi na hesabu ya Wamarekani, na kasoro yake ni ileile: mpira mgumu hudumu kwa sababu haujishikizi sana barabarani. Mvua ikinyesha, au vumbi laini likiwa juu ya lami, kule kudumu hugeuka kuteleza.

Sasa mzigo. Ubavuni mwa tairi, baada ya vipimo, huwa kuna namba na herufi, kwa mfano 50P. Herufi inahusu mwendo. Namba inahusu uzito, na 50 maana yake tairi hilo linabeba kilo 190 na si zaidi. Pikipiki ya cc 150 ina kilo 120 hivi, na karibu nusu yake, kilo 60, hukaa nyuma. Kwa dereva wa kilo 65, chukulia kilo 40 zinaangukia nyuma. Gunia moja la mahindi la kilo 90 likifungwa kwenye keria huangukia nyuma lote. Jumla ni kilo 190, yaani gunia moja tu limemaliza uwezo wote wa tairi. Magunia mawili ni kilo 280. Likiwa lumbesa, kila mtu anajua kwamba kilo 90 ni jina tu.

Tairi lililozidiwa hujikunja zaidi kila linapozunguka, na kujikunja huleta joto. Upepo ukiwa pungufu joto huongezeka. Joto ndilo linalochosha nyuzi za ndani, na ndiyo sababu tairi lililostahimili asubuhi linaweza kupasuka mchana bila kukanyaga msumari. Dereva hulaumu tairi la bei rahisi, na pengine ana haki kidogo, ila tairi bora kuliko hilo nalo lingekuwa limeandikwa namba yake ubavuni.

Hapa ndipo mfanyabiashara wa mpakani anapoingia, hata kama hajawahi kushika usukani. Jina bodaboda lenyewe lilizaliwa Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, baiskeli zilipokuwa zikivusha watu na mizigo kutoka kituo kimoja hadi kingine. Tangu enzi zile bei hupangwa kwa safari. Anayelipa kwa safari hutaka kila kitu kiende kwa safari moja: magunia mawili, dumu la mafuta juu yake, na mwenye mali mwenyewe ameketi katikati. Anaona ameokoa nauli. Gharama ya tairi imebaki kwa dereva, naye ili aifidie atalitumia lile tairi hadi kipara, kisha atalichonga. Siku litakapoachia, mayai na nyanya za kumwagika ni za yuleyule aliyeokoa nauli, na bima ya mzigo wa namna hiyo ni nadra.

Ni kweli kwamba faida ya mfanyabiashara mdogo ni nyembamba. Anayevusha bidhaa chini ya utaratibu rahisi wa Jumuiya, ule wa shehena isiyozidi dola 2,000 za Marekani, mara nyingi yuko mbali sana na hizo dola 2,000. Kumwambia alipe safari mbili ni kumwambia agawane faida. Lakini kuna njia ya tatu ambayo tayari iko barabarani. Pikipiki ya magurudumu matatu yenye tela, guta au toyo kwa majina ya Tanzania, hailali kwenye kona. Tairi lake, kwa kawaida la 4.50-12 au 5.00-12, ni la jamii ya magari madogo ya mizigo, uso wake ni bapa na kwake ubapa huo ni sifa. Anayetaka kudumu kwa tairi la gari kwenye usafiri wa pikipiki atakupata hapo, bila kubishana na maumbile ya magurudumu mawili. Wafanyabiashara watatu au wanne wa soko moja wakichangia guta moja, nauli ya kila mmoja inaweza kukaribia ya bodaboda. Kikwazo ni foleni, kwa kuwa bodaboda hupenya na guta husubiri. Wasimamizi wa vituo vya pamoja vya mipakani wakitenga njia ya magurudumu matatu watakuwa wamewasaidia wadogo kuliko semina nyingi zinavyowasaidia.

Serikali za Jumuiya nazo haziwezi kusema jambo hili ni la mafundi pancha. Kwa malori zilikwisha kukubaliana: sheria ya Jumuiya ya kudhibiti uzito wa magari imeweka kikomo cha tani 56, na mizani ipo kando ya barabara kuu. Anayevunja hulipa. Pikipiki haipandi mzani wowote, na haingefaa ipande, maana kizuizi kimoja zaidi mpakani ni mfuko mmoja zaidi wa kujazwa. Kinachowezekana ni kuanza dukani. KEBS ya Kenya, TBS ya Tanzania, UNBS ya Uganda na RSB ya Rwanda zina kazi ya viwango, na Jumuiya ina sheria ya viwango tangu 2006. Tairi la pikipiki lisilo na namba ya uzito, au lililokaa stoo miaka mingi, likikataliwa upande mmoja wa mpaka lisipate duka upande wa pili. Bila hivyo, nchi inayokagua inawapa tu wauzaji wa nchi jirani wateja wapya.

Umri wa tairi si siri. Mengi hubeba tarakimu 4 ubavuni: mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka, hivyo 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mfanyabiashara anayejua kusoma tarehe ya mwisho kwenye katoni ya juisi ameshajua kusoma hiyo.

Na kabla mzigo haujafungwa, inatosha kusimama nyuma ya pikipiki na kulitazama tairi. Likiwa bado lina mgongo, gunia moja lipande. Ikiwa katikati pamelala kama ubao, mzigo uende kwa mwingine, hata kama anayekataliwa ndiye aliyetangulia kwenye foleni.