TAARIFA YA TAWI: TUISOME BILI YA GESI KABLA YA KUPITISHA KAPU



 

Wiki mbili zilizopita mlipokea ujumbe wetu wa kuomba michango kwa ajili ya mwanachama mwenzetu aliyedaiwa pauni 587 za gesi. Mlichanga kama mlivyozoea kuchanga, na hadi Jumapili jioni Mhazini alikuwa amepokea pauni 180. Leo tunaandika kuwajulisha kwamba fedha hizo zinarudi kwa kila aliyetoa, na kwamba Kamati ilifanya kosa. Tulipitisha kapu kabla ya kumwomba dada yetu atuonyeshe bili yenyewe.

Alipoileta kikaoni, mzee mmoja wetu aliyewahi kufanya kazi ya kusoma mita aliiweka mezani, akavaa miwani, akauliza swali moja tu: "Hii herufi E hapa ni nini?" Hakuna aliyejua. Wote tulikuwa tumesoma jumla ya chini na kuanza kutafuta hela.

Herufi ile maana yake ni makadirio. Dada yetu alihamia ile nyumba mwezi Aprili. Hakuna aliyesoma mita siku ile, hivyo kampuni ikakadiria kwamba alianza na namba 4218. Mwisho wa Septemba mita ikasomwa kwa macho, ikawa 5040. Tofauti ya uniti 822 yote ikaangukia jina lake, pamoja na gesi aliyoichoma mpangaji aliyetangulia. Bahati yake ni mama yake aliyeko Singida. Siku ya kuhamia, alizunguka na simu akimrekodia mama video: hapa sebule, hapa jiko, hapa stoo chini ya ngazi. Na humo stoo, mita inaonekana, inasoma 4703. Video ikatumwa kwenye kampuni pamoja na tarehe yake, bili ikaandikwa upya, ikawa pauni 276. Hizo anazimudu mwenyewe kwa mafungu, na amekataa katakata kupokea mchango.

Sasa tujiulize, ni mara ngapi tumechangishana kulipa deni ambalo halikuwa deni? Hatuna hesabu, na ndiyo sababu tumeona taarifa ya mwezi huu wa Oktoba 2024 iwe ndefu kuliko kawaida.

Nyumbani tumezoea LUKU. Unanunua tokeni, risiti inakuonyesha VAT asilimia 18, REA asilimia 3, EWURA asilimia 1, na tangu 2021 kodi ya jengo. Tunalalamika, lakini tunajua tumekatwa nini. Hapa Uingereza bili ina kurasa nne, na wengi wetu tunaishia ukurasa wa kwanza.

Tuanze na mita. Mita ya gesi haijui joto wala pauni, inapima ujazo wa gesi iliyopita. Kampuni haiuzi kwa ujazo, inauza kwa kilowati saa, kwa hiyo lazima ibadilishe. Hesabu yake imechapishwa kwenye bili kwa herufi ndogo: uniti za mita za ujazo huzidishwa kwa 1.02264, ambayo ni marekebisho ya halijoto na mgandamizo; kisha huzidishwa kwa kiwango cha joto lililomo ndani ya gesi yenyewe, kwa kawaida 39 na kitu; kisha hugawanywa kwa 3.6. Ukichukua uniti 100 na kiwango cha 39.5 unapata kilowati saa 1,122. Kwa wavivu wa hesabu kama sisi, uniti moja ni kilowati saa 11 na ushee. Kwa bei ya Oktoba hadi Desemba 2024, hiyo ilikuwa kama peni 70.

Lakini hapo kuna mtego. Nyumba nyingi za zamani bado zina mita za futi za ujazo, zenye tarakimu nne na alama ya ft³. Mita mpya zina tarakimu tano na alama ya m³. Uniti ya mita ya zamani ni futi 100, na huzidishwa kwanza kwa 2.83 kabla ya hesabu nyingine. Ikiwa mita yako ni mpya lakini kwenye kompyuta ya kampuni imeandikwa kuwa ya zamani, zile uniti 100 za pauni 70 kwa bei hiyo zinageuka pauni 198. Utaambiwa familia yako inaoga sana. Nenda kaangalie alama iliyo kwenye mita, halafu angalia bili imeandika nini. Unaposoma tarakimu, soma nyeusi peke yake. Zenye rangi nyekundu au zilizo baada ya nukta ziache.

Baada ya kilowati saa ndipo inakuja bei, na bei ziko mbili. Ya kwanza ni ya kila kilowati saa. Kwa malipo ya kukatwa benki kila mwezi, wastani wa kikomo kilichowekwa na Ofgem, ambao ni kama EWURA wa huku, ulikuwa peni 6.24 kuanzia tarehe 1 Oktoba hadi mwisho wa Desemba 2024. Julai hadi Septemba mwaka huo huo ilikuwa 5.48. Kwa hiyo aliyeona bili imepanda wakati huo ilhali matumizi ni yale yale hakuona maluweluwe. Ya pili imeandikwa standing charge, nasi tutaiita tozo ya siku: kipindi hicho cha mwisho wa 2024 ilikuwa peni 31.66 kila siku, uwashe boila usiwashe. Kwa mwaka ilikaribia pauni 116 kabla hujachemsha hata chai. Bei hizi zinatofautiana kidogo kwa mikoa, na ndugu zetu wa Belfast wana mdhibiti wao tofauti.

Hapa tunaomba msikilize vizuri, maana kuna kijana wetu aliyeponzwa na gazeti. Kikomo cha Ofgem cha Oktoba hadi Desemba 2024 kilitangazwa kama pauni 1,717 kwa mwaka. Yeye akaelewa kwamba akishafikisha kiasi hicho, gesi na umeme vitakuwa bure. Hapana. Kikomo kiko kwenye bei ya kilowati saa na kwenye tozo ya siku. Ile 1,717 ilikuwa mfano wa nyumba inayotumia kilowati saa 11,500 za gesi na 2,700 za umeme. Ukitumia zaidi, unalipa zaidi.

Ndani ya bei hizo mbili mmefichwa watu wengi. Fungu kubwa kuliko yote ni gesi yenyewe kwa bei ya jumla. Inatoka Bahari ya Kaskazini, inatoka Norway kwa bomba, na nyingine inakuja kwa meli ikiwa imegandamizwa kwa baridi kuwa kimiminika, kutoka Marekani na Qatar. Ndiyo maana Urusi ilipoivamia Ukraine mwaka 2022 bili ya mtu aliyepanga chumba Reading ilipaa, na serikali ikalazimika kuingilia kati Oktoba ya mwaka huo. Fungu lingine ni la wenye mabomba. Hawa hubadiliki nao hata ukibadilisha kampuni ya kuuza, kwa sababu bomba mtaani ni moja. Halafu kuna gharama za sera za serikali, mojawapo ikiwa ile nafuu ya pauni 150 ya majira ya baridi kwa baadhi ya kaya. Kuna gharama za kampuni kuendesha ofisi na faida yake. Mwisho VAT, ambayo kwa nishati ya nyumbani ni asilimia 5. Kwa hili tuwape haki yao, nyumbani tunalipa 18.

Tozo ya siku ndiyo inayotukera zaidi. Inatakiwa igharimie mita, mabomba na mambo mengine yasiyotegemea matumizi. Lakini kampuni takriban 30 za nishati zilipoanguka wakati wa msukosuko ulioanza 2021, gharama za kuwahamisha wateja wao ziligawanywa kwetu sote, na sehemu kubwa iliingizwa humo humo. Mjane anayepika mara moja kwa siku na tajiri mwenye vyumba vinane wanalipa tozo ile ile. Wenye umri wanakumbuka ile tozo ya huduma ya shilingi 5,520 kwa mwezi kwenye umeme wa nyumbani, iliyofutwa mwaka 2016. Hoja zetu wakati ule zilikuwa hizi hizi. Msimamo wa Tawi ni kwamba tozo ya siku inamwonea mtumiaji mdogo na inapaswa kupunguzwa. Mtasema sisi ni Chama cha nyumbani, siasa za huku zinatuhusu nini? Tunapanga hapa na tunalipa hapa. Tena raia wa nchi za Jumuiya ya Madola anayeishi hapa kihalali anaweza kujiandikisha na kupiga kura, kwa hiyo mbunge wa eneo lako anakujibu wewe pia. Mwandikie.

Wenye mita za kulipia kabla, tozo hii inawavizia kiangazi. Umezima boila Julai, hujaweka hela hadi Septemba inaisha, unadhani umeokoa. Kwa bei ya 2024, mita inakuwa imehesabu peni 31 kwa siku kwa siku 92. Unapoweka pauni 30 Oktoba ili upashe nyumba joto, pauni 29 zinamezwa papo hapo na watoto wanalala na makoti. Weka hata pauni mbili kila wiki wakati wa joto. Na tusiendelee kuambiana kwamba mita hizi ndizo ghali kuliko zote. Ilikuwa hivyo zamani, lakini tangu Aprili 2024 tozo zake zimesawazishwa. Sasa anayelipa ghali zaidi ni yule anayesubiri bili ije ndipo alipe.

Wanaopanga vyumba, hili ni lenu. Mwenye nyumba anayekuuzia gesi au umeme kando ya kodi haruhusiwi kukutoza zaidi ya bei aliyoinunua yeye, pamoja na mgawo wako wa tozo ya siku. Una haki ya kumwomba akuonyeshe bili yake. Tunajua si rahisi kumdai karatasi mtu anayeshika ufunguo wa mlango wako, hasa akiwa ni Mtanzania mwenzako aliyekupokea uwanja wa ndege. Ukiona aibu, lete jambo hilo kwa Kamati. Lakini kama mlikubaliana kodi moja inayojumuisha kila kitu, kanuni hiyo haikuhusu.

Kuhusu madeni ya zamani: kampuni iliyochelewa kukutumia bili sahihi kwa kosa lake yenyewe haiwezi kukudai gesi uliyotumia zaidi ya miezi 12 nyuma. Ukiona kosa, lalamika kwa maandishi na utunze tarehe. Wiki nane zikipita bila suluhu, unaweza kupeleka shauri kwa msuluhishi wa nishati, Energy Ombudsman, bila malipo. Ukiwa huna uwezo wa kulipa, piga simu kabla hawajapiga wao. Wanatakiwa kukupangia mafungu unayoyaweza. Mwenye mtoto mchanga, mgonjwa au mzee nyumbani ajiandikishe pia kwenye orodha ya wateja wa kupewa kipaumbele.

Tahadhari moja kwa walio na viza: kama kibali chako kimeandikwa kwamba huruhusiwi fedha za umma, usiombe posho yoyote ya serikali kwa sababu umesoma kwenye kundi la WhatsApp, hata likiwa hili. Muulize kwanza mshauri wa uhamiaji aliyesajiliwa. Kusahihishiwa mita, kulalamika na kupangiwa mafungu si posho, na hayo unayaomba bila hofu.

Ukisikia harufu ya gesi, fungua madirisha, usiguse swichi, toka nje, piga 0800 111 999. Simu ni bure usiku na mchana.

Jumapili ijayo, baada ya ajenda za kawaida, tutakaa saa moja na bili zenu. Kila mmoja aje na kurasa zote nne na picha ya mita aliyoipiga siku hiyo hiyo, alama ya m³ au ft³ ionekane. Mzee wa miwani atakuwepo. Wanaohama nyumba mwezi huu wapige picha ya mita siku ya kutoka na siku ya kuingia, kabla ya kupandisha godoro. Mhazini ataanza kurudisha michango kesho. Usipoiona yako hadi Ijumaa, mtafute.

Imetolewa na Katibu Mwenezi kwa niaba ya Kamati ya Tawi.
Oktoba 2024