Risasi zao, petroli yetu

Wamarekani tunawacheka. Baada ya mauaji ya shule ya Sandy Hook, Desemba 2012, walisikia sheria ya bunduki itakazwa, wakakimbilia madukani. Risasi zikaadimika kwa miezi.

Sisi je? Agosti 2011 EWURA ilishusha bei ya petroli, makampuni yakagoma kuuza, foleni nchi nzima. BP ikafungiwa leseni miezi mitatu. Kule alificha mnunuzi, huku muuzaji.

Siku hizi bei mpya hutoka Jumatano ya kwanza ya mwezi, na Tanga tuna yetu, ya mafuta yanayoshushwa bandarini kwetu. Yaani siku ya kuficha inajulikana! EWURA wapime matangi Jumanne. Anayeumia ni kijana wa bodaboda, hana ghala. Au mnasemaje wadau?