Udugu wa chuoni usiishie siku ya mahafali

Huenda umewaona kwenye TikTok. Vijana wa kiume waliovaa nyeusi na rangi ya dhahabu, wamejipanga mstari mmoja katika uwanja wa chuo fulani Marekani. Wanapiga miguu chini na viganja kifuani kwa mpigo mmoja, umati unashangilia, nawe unabonyeza kile kimoyo kisha unapita kwenda video nyingine. Ukisema ni kikundi cha densi hujakosea sana, ila umeonja mchuzi tu. Nyama bado iko chunguni.

Hao ni Alpha Phi Alpha, udugu wa wanafunzi ambao Wamarekani huuita frataniti. Jina lenyewe ni herufi tatu za Kigiriki. Ulianzishwa 1906, na ndio frataniti ya kwanza ya wanafunzi weusi iliyosambaa chuo hadi chuo na kudumu hadi leo. Zaidi ya wanaume 200,000 wamepita mikononi mwake.

Sasa jiulize: kikundi chako pale kampasi kina miaka mingapi? Kile cha wanafunzi wa kaunti yenu, cha kozi yenu, au ile mbogi ya hosteli iliyojipa jina kubwa na fulana za kushonewa? Vingi ya vikundi vyetu hufa siku waanzilishi wakivaa joho. Kinachobaki ni grupu ya WhatsApp ambayo huamka tu mtu akifiwa au mwanasiasa akitafuta kura. Ndiyo maana nataka tuongee kuhusu hawa jamaa, wema wao na aibu yao, kwa sababu yote mawili yana funzo kwako.

Turudi mji wa Ithaca, jimbo la New York, katika Chuo Kikuu cha Cornell. Mwanzoni mwa karne iliyopita wanafunzi weusi pale walikuwa wa kuhesabika. Hakuna sheria iliyowafukuza, lakini upweke ulifanya kazi hiyo vizuri tu. Kupata chumba ilikuwa taabu. Kupata mtu wa kusoma naye ilikuwa taabu. Wanafunzi sita weusi waliokuwa hapo mwaka mmoja hawakurudi mwaka uliofuata, na waliobaki wakaona wazi kwamba zamu yao inakuja.

Frataniti hazikuwa jambo geni wakati huo. Ya kwanza kabisa yenye herufi za Kigiriki, Phi Beta Kappa, ilianzishwa 1776 katika chuo cha William and Mary, jimbo la Virginia. Kufikia 1906, nyumba za frataniti ndizo zilizompa mwanafunzi mzungu mahali pa kulala, kaka wakubwa wa kumwelekeza masomoni, na jina la mtu wa kumbishia hodi akianza kutafuta kazi. Baadhi ya vijana weusi wa Cornell waliingia nyumba hizo pia, lakini kwa mlango wa jikoni. Walikuwa wakiwaandalia wenzao chakula mezani ili wapate karo. Sahani wakibeba, macho yakisoma. Wakaelewa kwamba kilichowainua wale waliokaa mezani, zaidi ya akili, ni watu waliokuwa nyuma yao.

Mwaka wa masomo wa 1905 hadi 1906 wakaanza kukutana kusoma pamoja na kusaidiana. Hapo ukazuka ubishi. Charles Poindexter, mwanafunzi aliyekuwa akiongoza mikutano ile, alitaka kibaki kikundi cha kusoma na kujadili fasihi. Wengine walitaka udugu wa kiapo, kitu ambacho mtu haachi mtihani ukiisha. Tarehe 4 Desemba 1906 upande wa udugu ukashinda. Waanzilishi wanaotambuliwa ni saba: Henry Callis, Charles Chapman, Eugene Kinckle Jones, George Kelley, Nathaniel Murray, Robert Ogle na Vertner Tandy. Wenyewe huwaita Vito Saba.

Usidhani walikuwa watu wa ajabu. Ni vijana wa umri wako. Baadaye Callis akawa daktari, Kelley akawa mhandisi, Jones akaongoza shirika la National Urban League kwa zaidi ya miaka 20, na Tandy akawa msanifu wa majengo. Ni yeye aliyechora Villa Lewaro, kasri la Madam C.J. Walker, yule mama aliyetajirika kwa bidhaa za nywele.

Lakini hebu tuache majina, tuangalie mitambo. Hapa ndipo wengi wetu hukwama.

Kwanza, hawakukalia kitu chao pale Cornell. 1907 walifungua tawi la pili Chuo Kikuu cha Howard, Washington, na 1908 wakafanya mkutano mkuu wao wa kwanza huko huko Howard, mbali na nyumbani. Ukianzisha kitu kisha ukakubali kwenda kukijadili nyumbani kwa wengine, umekubali kwamba si mali yako tena.

Pili, walitengeneza orodha isiyosahau mtu. Tawi la kwanza linaitwa Alpha, la pili Beta, la tatu Gamma. Herufi zilipoisha wakaanza kuziunganisha mbili mbili. Omega, herufi ya mwisho, haipewi tawi lolote la walio hai. Mwanachama akifariki, husemwa kwamba ameingia tawi la Omega. Yaani hata kaburi halikufuti kwenye rejista. Sisi kwetu, ukichelewa mchango mara mbili unaondolewa kwenye grupu.

Tatu, na hili ndilo kubwa, walikataa udugu uishie siku ya mahafali. 1911, katika mji wa Louisville, Kentucky, lilianzishwa tawi la waliokwisha kuhitimu. Tangu hapo kuna matawi ya aina mbili, ya wanafunzi na ya watu wazima wenye kazi zao. Mtu anaweza kujiunga hata akiwa ameshapita shahada ya kwanza. Martin Luther King aliingia 1952 akisomea uzamifu Boston. Na wanafunzi hawaachwi nje wakisubiri kuambiwa cha kufanya. Nchi imegawanywa katika kanda tano, kila kanda ina makamu wa rais, na msaidizi wake hutoka kwa wanafunzi na kuketi katika bodi ya kitaifa. Kijana wa miaka 20 anapiga kura meza moja na wakili wa miaka 60.

Nne, walijipa kazi. Miaka ya 1920 walianzisha kampeni ya kuwahimiza vijana weusi waende sekondari na vyuo. Miaka ya 1930 wakaanza ya kuwahamasisha watu kupiga kura, wakati ambapo kwa mtu mweusi kusini mwa Marekani kujiandikisha kungeweza kumtoa roho.

Sasa uone mitambo hiyo ikizaa matunda. Chuo Kikuu cha Maryland kilikataa kumpokea Donald Murray katika kitivo cha sheria kwa sababu ya rangi yake. Mawakili waliopeleka kesi mahakamani 1935 walikuwa Charles Hamilton Houston na mwanafunzi wake wa zamani, Thurgood Marshall. Wote wawili walikuwa Alpha. Wakashinda, na rufaa ya 1936 ikathibitisha ushindi. Ilikuwa hatua ya mapema ya safari ndefu ya kuvunja ubaguzi katika shule za Marekani.

Na huyo Marshall si mgeni kwetu. Januari 1960 alikuja Nairobi kwa mwaliko wa Tom Mboya, ili awe mshauri wa wajumbe wa Kiafrika waliokuwa wakienda mkutano wa Lancaster House, London, kujadili katiba ya Kenya. Marshall mwenyewe alisimulia baadaye kwamba maafisa wa mkoloni walimzuia kuhutubia umati Kiambu. Akaomba aseme neno moja tu. Akapaza sauti: "Uhuru!" Watu wakalipuka kwa shangwe. Kule London akaandika rasimu ya haki za kimsingi, ikiwa pamoja na ulinzi wa walio wachache, yaani Wazungu na Waasia wa Kenya. Mtu aliyejua uchungu wa kuwa wachache hakutaka hata aliyekuwa akitawala jana aonje uchungu huo kesho. Mwaka wa 1967 akawa jaji wa kwanza mweusi katika Mahakama ya Juu ya Marekani.

Sisemi frataniti ndiyo iliyomleta Nairobi. Nasema alitoka katika kizazi kilichofunzwa mapema kwamba elimu yako ina deni la watu wengine. Wala hawakuwa peke yao. Kwame Nkrumah akiwa Lincoln alijiunga na Phi Beta Sigma, udugu mwingine wa aina hiyo. Wanawake weusi nao walianzisha wao, Alpha Kappa Alpha, pale Howard 1908. Humo ndimo alimotoka Kamala Harris.

Uvumilivu wao pia si mchezo. Wazo la kumjengea King mnara jijini Washington liliibuka ndani ya Alpha 1984. Bunge la Marekani likaidhinisha 1996. Mnara ukafunguliwa Agosti 2011. Miaka 27! Waliolitoa wazo hilo wakiwa na nywele nyeusi walifika kwenye sherehe na mvi. Je, kikundi chako kina mradi hata mmoja ambao mwanzilishi anajua utakamilika yeye akiwa hayupo chuoni?

Nimesema pia kuna aibu, na sitaifunika. Kwa miaka mingi, aliyetaka kuingia frataniti hizi alipitishwa katika mateso: kunyimwa usingizi, kuchapwa, kutukanwa, kutumwa usiku wa manane. Kama ulisoma shule ya bweni Kenya unaijua hadithi hii. Uliwahi kuwa njuka. Marshall mwenyewe akiwa mwanafunzi Lincoln aliwahi kusimamishwa masomo kwa kuwahangaisha wenzake. Lakini utani huo una makaburi. 1989, katika chuo cha Morehouse, Atlanta, mwanafunzi mmoja aliyekuwa akijiunga na Alpha alifariki. Mwaka uliofuata, baraza linalounganisha frataniti hizi za watu weusi likapiga marufuku kile kipindi cha majaribio. Marufuku iliandikwa, lakini mateso yakahamia mafichoni, na vifo na kesi havikuisha katika frataniti za Marekani, za weusi kwa za weupe.

Ukiuliza kwa nini, utajibiwa: "Hata sisi tulipitia." Ndilo jibu la kivivu zaidi duniani. Wakumbuke wale Saba wa Cornell. Walikuwa wakikimbia chuo kilichowatesa, na hawangepata sababu ya kujijengea kingine cha kutesana. Anayekupiga leo ili akuite ndugu kesho hajakupima moyo; amekufundisha kunyamaza tu. Na anayenyamaza akiona mwenzake anaumizwa, huyo ana faida gani kwa udugu? Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na dhiki yenyewe haifai iwe mkono wake.

Kuna lawama nyingine. Mwanasosholojia E. Franklin Frazier, katika kitabu chake Black Bourgeoisie, aliwasuta Wamarekani weusi wenye elimu, na frataniti zao humo humo, kwa kupenda sherehe na majivuno huku majirani wakihangaika. Nadhani alikuwa na haki. Herufi tatu kwenye fulana zinaweza kumfanya mtu aone wengine si watu. Sisi hatuna herufi za Kigiriki, lakini tuna lafudhi, jina la shule ya kitaifa uliyotoka, na jina la kijiji.

Basi, komredi, ukifungua muhula mpya na mtu akakualika katika kikundi, usiulize kwanza kuhusu pati ya kukaribisha wageni. Uliza maswali matatu. La kwanza: mwaka jana mlimsaidia nani ambaye si mwanachama? La pili: waliohitimu wako wapi, na wakiitwa huja? La tatu: mtu akitaka kuingia, mnamfanya nini? Wakikujibu la tatu kwa kicheko na kutazamana, chukua begi lako utoke. Utapata marafiki wengine.

Na kama wewe ndiye kiongozi wa kikundi, una kazi ya wiki hii. Andikeni majina ya kila aliyewahi kuwa mwanachama, hata wale mlioachana vibaya. Mtafuteni mmoja aliyehitimu miaka mitano iliyopita, mumpe kiti katika kamati. Chagueni kazi moja, hata kama ni kuwasaidia wanafunzi wa shule ya sekondari iliyo jirani na chuo, muifanye kila mwaka bila kusubiri mheshimiwa atume pesa. Kisha mtafute yule mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anayekula peke yake kantini, ambaye mwaka ujao huenda hatarudi.

Cornell walianza kwa kuwahesabu waliokosa kurudi. Kwenu, nani anawahesabu?